Chamgei: Hatua za kwanza za kujifunza Kikalenjin mjini Eldoret

MFANYABIASHARA aliyehamia Eldoret kutoka Pwani, Nyanza au eneo la Mlima Kenya anaweza kuishi humo miaka ishirini bila kuhitaji neno hata moja la Kikalenjin. Kiswahili humtosha sokoni, kwenye matatu na katika nyumba za ibada. Kiingereza humtosha ofisini. Lakini siku moja bibi mkongwe kutoka kijijini husimama mbele ya meza yake ya mboga na kumsalimu, "Chamgei." Anapobaki kutabasamu tu, ndipo anapotambua kwamba miaka yote hiyo ameishi barazani, wala hajaingia ndani ya nyumba.

Kwa muuguzi jambo hilo huwa zito zaidi. Hospitali za Eldoret hupokea wagonjwa kutoka Nandi, Elgeyo Marakwet, Baringo na kwingineko katika Bonde la Ufa. Baadhi yao ni wazee ambao Kiswahili chao hutosha kununua chumvi, ila hakitoshi kueleza maumivu yalianza lini na yanahamia wapi. Mjukuu akiwapo, hutafsiri. Akikosekana, mgonjwa hunyamaza, na kimya cha mgonjwa hakitibiki.

Hiyo ndiyo sababu wakazi wengi wasio Wakalenjin hutamani kuijifunza lugha hii, ingawa wengi hukata tamaa mapema wakidai kuwa ni ngumu. Ukweli ni kwamba Kikalenjin kina mpangilio wake ulio wazi. Kinachomkwaza mzungumzaji wa Kiswahili ni kuitafuta sarufi ya Kiswahili mahali isipokuwapo.

Lugha moja, matawi mengi

Kiswahili ni lugha ya Kibantu, sawa na Kikuyu, Kiluhya na Kikamba. Kikalenjin ni cha jamii ya lugha za Kiniloti, tawi la kusini. Dholuo na Kimaasai ni ndugu zake wa mbali, nacho Kidatoga kinachozungumzwa kaskazini mwa Tanzania ni ndugu wa karibu zaidi.

Kwa hakika Kikalenjin ni kundi la lahaja na lugha zinazokaribiana: Kinandi, Kikipsigis, Kikeiyo, Kitugen, Kimarakwet, Kisabaot, Kiterik na Kipokot. Mnandi na Mkipsigis huelewana bila tabu, ilhali Kipokot kiko mbali kidogo na wenzake. Katika sensa ya 2019, watu 6,358,113 walihesabiwa nchini kuwa Wakalenjin. Anayeanza kujifunza Eldoret atasikia zaidi Kinandi na Kikeiyo, na ni busara ashike lahaja moja kwanza.

Jina Kalenjin lenyewe ni somo la kwanza la sarufi, kwa kuwa ni sentensi nzima iliyofungwa katika neno moja: "nakwambia." Ndani yake mna mzizi le, yaani sema, na mwishoni mna kiambishi kinachomwelekea anayeambiwa. Wanaoambiwa wakiwa wengi, neno huwa kalenjok. Jina hilo lilianza kuenea katika miaka ya 1940, likihusishwa na matangazo ya redio ya wakati wa vita na wanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance. Mwaka wa 1948 chama kilichoitwa Kalenjin kiliundwa papa hapa Eldoret. Kabla ya hapo, kila jamii ilijitambulisha kwa jina lake.

Salamu kwanza

Salamu ya kawaida ni chamgei, nayo hujibiwa kwa neno lilo hilo: chamgei. Anayetaka kuonyesha uchangamfu huongeza mising, yaani sana: chamgei mising. Hakuna haja ya kujibu "nzuri" wala "salama."

Neno hilo hutokana na cham, yaani penda au kubali, na gei, kiambishi cha kujirejelea. Kwa hiyo ndani ya salamu mna wazo la kujipenda na kuwa na amani. Wasikilizaji wa redio wanalifahamu pia kama jina la kituo cha Chamgei FM.

Zamani salamu zilitofautiana kwa jinsia na umri. A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu kuhusu Wanandi na lugha yao mwaka wa 1909, alirekodi salamu ya sopai ambayo hujibiwa epa, na ile ya wanawake, takwenya, ambayo hujibiwa igo. Chamgei haimbagui mtu, na hivyo humfaa mgeni.

Heshima hukamilika kwa kumtaja anayesalimiwa. Bibi mzee huitwa kogo, yaani nyanya, hata kama si wa ukoo wako: "Chamgei, kogo." Mzee wa kiume huitwa boiyot. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ajihadhari na mtego mmoja: katika Kikalenjin, mama ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama mzazi. Anayemwita mwanamke kwa neno hilo akidhani anamheshimu ataeleweka, kwa vile Kiswahili kimeenea, lakini wenyeji watacheka kidogo.

Asante ni kongoi, na asante sana ni kongoi mising. Wakati wa kuagana husemwa saisere. Anayeondoka huweza kuambiwa ui komie, yaani nenda vyema. Kwa maneno haya machache, mgeni huwa tayari amevuka kizingiti.

Kitenzi hutangulia

Katika Kiswahili, mtenda hutajwa kwanza: Kiprop anataka maziwa. Katika Kikalenjin, kitenzi ndicho kinachofungua sentensi: Mache Kiprop chego. Neno kwa neno, ni "anataka Kiprop maziwa." Mwanafunzi akizoea kuanza na tendo, nusu ya safari imekwisha.

Kama ilivyo katika Kiswahili, anayetenda huonyeshwa kwa kiambishi mwanzoni mwa kitenzi. Kwa mzizi mach, yaani taka, na neno beek, yaani maji, tunapata yafuatayo:

Amache beek – nataka maji.
Imache beek – unataka maji.
Mache beek – anataka, au wanataka, maji.
Kimache beek – tunataka maji.
Omache beek – mnataka maji.

Hapa pana mtego mkubwa kuliko ule wa mama. Katika Kiswahili, a- ni alama ya yeye. Katika Kikalenjin ni alama ya mimi. Mwanafunzi anayesikia amache hudhani anayezungumziwa ni mtu mwingine, kumbe msemaji anajitaja mwenyewe. Nafsi ya tatu haina kiambishi hapa. Kitenzi husimama peke yake, mtu akiwa mmoja au wakiwa wengi.

Kukanusha ni rahisi. Huongezwa ma- mwanzoni: maimache ni hutaki, na mamache ni sitaki, kwa kuwa ma- na a- huungana. Vivyo hivyo angen ni najua, na mangen ni sijui. Neno hili la mwisho linafaa kukaririwa mapema, maana litatumika mara nyingi. Akase ni nasikia, na makase ni sisikii. Mwenyeji akiuliza, "Ikase?" anataka kujua iwapo unasikia anachosema.

Leo, jana na zamani

Kiswahili hutumia -li- kwa jambo lililotendeka asubuhi ya leo na pia kwa vita vya karne iliyopita. Kikalenjin hakikubali mseto huo. Kina viambishi vitatu vya wakati uliopita: ka- kwa jambo la leo, ko- kwa jambo la jana au siku chache zilizopita, na ki- kwa jambo la zamani.

Tuchukue ker, yaani ona. Kaaker ni niliona leo. Koaker ni niliona jana au juzi. Kiaker ni niliona zamani. Kwa herufi moja, msikilizaji hujua habari ni mbichi au ni ya kale.

Kwa muuguzi tuliyemtaja awali, tofauti hiyo si pambo la sarufi. Mgonjwa anapoeleza lini alianguka au lini alikula mara ya mwisho, jibu huenda limo ndani ya kiambishi, hata kabla hajataja siku.

Nomino bila ngeli

Habari njema kwa wageni, hasa wale ambao ngeli za Kiswahili ziliwatoa jasho shuleni, ni kwamba Kikalenjin hakina ngeli. Hakuna upatanisho wa ki-vi wala u-zi.

Badala yake, nomino huwa na sura mbili: sura fupi, na sura ndefu yenye kimalizio ambayo ndiyo husikika zaidi katika mazungumzo. Lakwa ni mtoto. Lakwet ni sura ndefu ya neno hilo. Chi ni mtu. Sura yake ndefu ni chito. Ushauri unaofaa kwa anayeanza ni kukariri sura ndefu, kisha kuongeza fupi baadaye.

Wingi ndio unaohitaji subira, kwa kuwa hauna kanuni moja. Lakwet katika wingi ni lagok. Chito katika wingi ni biik, neno lisilofanana nalo hata kidogo. Kila nomino hukaririwa pamoja na wingi wake.

Kivumishi hufuata nomino, kikiunganishwa kwa ne katika umoja na che katika wingi: lakwet ne kararan ni mtoto mzuri, lagok che kororon ni watoto wazuri. Muundo huo unaonekana kwenye jalada la Biblia ya Kikalenjin, Bukuit ne Tilil, yaani kitabu kilicho kitakatifu.

Maneno ya mkopo nayo huvalishwa kimalizio cha nyumbani. Meza ya Kiswahili imekuwa mesait. Jina la mji wenyewe linaelezwa hivyo hivyo: neno la Kimaasai linalohusishwa na mawe ya Mto Sosiani likapewa mwisho wa Kinandi, likawa Eldoret. Jina lake jingine, Sisibo, ni matamshi ya wenyeji ya namba 64 kwa Kiingereza, iliyokuwa namba ya shamba ambapo mji ulianzia.

Majina ya watu ni darasa

Msamiati mwingine mwanafunzi anao tayari bila kujua. Umo katika majina ya majirani zake na ya wanariadha anaowashangilia.

Majina mengi ya wanaume huanza kwa Kip- au Ki-, na ya wanawake kwa Chep-, Che-, Jep- au Je-. Sehemu inayofuata hueleza hali au wakati wa kuzaliwa. Kiprop na Jerop walizaliwa mvua ikinyesha, kwani mvua ni robta. Kibet na Chebet walizaliwa mchana. Kipkoech na Chepkoech walizaliwa kukipambazuka, na Kimutai na Chemutai asubuhi. Kiplagat na Chelagat ni wa jioni au usiku. Kiptoo na Jeptoo walizaliwa nyumbani kukiwa na wageni, na Kipchoge alizaliwa karibu na ghala la nafaka.

Neno arap, ambalo Wakenya wote walilizoea katika jina la Rais wa pili, Daniel arap Moi, maana yake ni mwana wa. Hufuatwa na jina la baba, aghalabu likiwa limevuliwa kiambishi chake.

Anayetaka kumuuliza mtu jina husema, "Kainengung ko ng'o?" Jibu huanza, "Kainenyu ko," kisha jina. Hapa -nyu ni alama ya -angu na -ngung ni alama ya -ako, nazo huunganishwa na nomino yenyewe.

Maswali, hesabu na chakula

Maneno ya kuuliza ni machache. Ne ni nini, ng'o ni nani, ano ni wapi, na au ni lini. "Imache ne?" ni unataka nini? "Iwendi ano?" ni unakwenda wapi? Jibu laweza kuwa "awendi kaa," naenda nyumbani. Mwanafunzi asishtuke akiulizwa anakokwenda na mtu asiyemjua. Mara nyingi hiyo ni njia tu ya kuanzisha mazungumzo.

Hesabu kutoka moja hadi kumi ni agenge, aeng, somok, angwan, mut, lo, tisap, sisit, sokol na taman. Kumi na moja ni taman ak agenge, ambapo ak ni sawa na "na" ya Kiswahili. Ishirini ni tiptem. Anayeuza nyanya akijua hizo, ataweza kuhesabu mbele ya mteja wake bila mkalimani.

Mezani, kimnyet ni ugali, ing'wek ni mboga, bendo ni nyama na chego ni maziwa. Mursik, maziwa ya mala yanayohifadhiwa kwenye kibuyu, haihitaji tafsiri. Ndiyo yanayopewa mabingwa wa mbio wanaporejea nchini kutoka ng'ambo.

Sauti inayobadili maana

Hadi hapo, maandishi yametosha. Lakini yapo mambo mawili ambayo sikio pekee ndilo linaloweza kuyafundisha.

La kwanza ni irabu. Kiswahili kina tano. Kinandi kina herufi tano zile zile, lakini kila moja huwakilisha matamshi mawili, na tena huweza kuwa fupi au ndefu.

La pili ni toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Katika sentensi Kere Kibet lakwet, Kibet anamwona mtoto. Lakini kwa kuwa kitenzi hutangulia na majina yote mawili humfuata, ni nini kinachoonyesha nani anamwona nani? Ni toni. Jina la mtenda hutamkwa kwa toni tofauti na jina la mtendwa. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi alama hiyo, na ndiyo maana aliyejifunza kwa kitabu peke yake huelewa gazeti na kushindwa kuelewa jirani.

Tahajia nayo huyumba. Sauti za k na p zikiwa kati ya irabu husikika kama g na b, na kila mwandishi huandika anavyosikia. Msomaji akikuta akenge mahali pamoja na agenge pengine, ajue ni neno moja.

Kwa wanaotaka kuzama zaidi, zipo kazi za wataalamu. Mbali na Hollis, Taaitta Toweett alichapisha utafiti wake kuhusu isimu ya Kikalenjin mwaka wa 1979, nao Chet Creider na Jane Tapsubei Creider walitoa sarufi ya Kinandi mwaka wa 1989 na kamusi mwaka wa 2001.

Kwa nini kujisumbua

Huenda mtu akauliza: ikiwa Kiswahili kinatosha, kuna haja gani?

Jibu la kwanza lipo katika historia ya mji wenyewe. Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, imejengwa na watu wa makabila mengi. Ni mji huo huo ambao, pamoja na viunga vyake, uliumia vibaya katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini. Katika siku hizo, jina na lugha vilitosha kumweka mtu upande huu au ule.

Si haki kudai kwamba salamu ya chamgei ingeuzima moto ule. Chanzo chake kilikuwa siasa na mizozo ya ardhi, wala waliotendana ubaya hawakukosa lugha ya kuelewana. Hata hivyo, jirani anayeweza kuzungumza na nyanya wa nyumba ya pili, kumuuliza ameamkaje na kusikia jibu lake, si mgeni tena machoni pa nyumba hiyo. Jambo hilo ni dogo, lakini liko ndani ya uwezo wa kila mtu, na halingoji tume.

Jibu la pili linawahusu Wakalenjin wenyewe. Sera ya elimu hutaka mtoto afunzwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa ya chini, lakini mijini lugha hiyo aghalabu huwa ni Kiswahili. Wapo watoto wa Eldoret walio na majina ya Kibet na Jerop ambao hawajui kwamba majina hayo yanazungumzia mchana na mvua, na ambao husubiri mzazi awatafsirie maneno ya kogo wao.

Wanaodhani kwamba lugha ya mamilioni haiwezi kudhoofika waitazame Marekani. Wacherokee walikuwa na maandishi yao wenyewe tangu 1821, yaliyobuniwa na Sequoyah, na leo raia wa taifa lao ni mamia ya maelfu. Lakini mwaka wa 2019 viongozi wao walilazimika kutangaza hali ya dharura kuhusu lugha yao, kwa kuwa wasemaji waliosalia walikuwa takriban 2,000, wengi wao wakiwa wazee. Kikalenjin hakijafikia hapo. Ila njia ya kufika huko huanza nyumbani, pale mtoto anaposhindwa kumjibu bibi yake.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kikalenjin mjini Eldoret, awe mhamiaji au mzaliwa, hahitaji kungoja darasa. Ajifunze salamu wiki hii, amache na mamache wiki ijayo, na hesabu baada ya hapo. Kila siku azungumze na mtu mmoja aliyemzidi umri, avumilie kuchekwa, na aulize tena.

Na bibi yule wa kijijini akirudi mezani pa mboga na kusema "Chamgei," safari hii jibu lipo: "Chamgei mising, kogo. Imache ne?"